Vidonge Vyeupe Katika Msimu wa Moshi

Jumatatu, 11 Juni. Asubuhi wazi, digrii 64 za Farenhaiti, upepo mdogo wa magharibi. Milima inaonekana yote, hadi theluji ya mwisho kule juu.

Leo nimeanza kalkulasi kwa mara ya tatu. Chuo hakiruhusu mara ya nne. Mara ya kwanza nilijitoa wiki ya sita, mama alipofanyiwa upasuaji. Mara ya pili nilikaa hadi mwisho nikapata D. Shule ya famasia inataka C au zaidi. Kemia nimemaliza, biolojia nimemaliza, fizikia nimemaliza. Limebaki hili moja, na maombi yanafunguliwa katikati ya Julai.

Mwalimu ni Profesa Vang, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Aliita majina, akafika kwangu: "Delfina Borba. Wewe nimekuona wapi?"

"Hapahapa, Profesa. Mwaka jana."

"Basi kiti chako unakijua. Kaa."

Darasa ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Kazini naingia saa tano. Bwana Silveira, mfamasia mwenye duka la dawa ninakofanya kazi, amekubali kujaza vichupa vya wateja wa asubuhi peke yake kwa wiki nane. "Miaka thelathini na minane nimezijaza bila wewe," alisema. "Nenda kasome, binti. Barua yako ya shule nitaiandika mimi mwenyewe, na itakuwa nzuri kuliko unavyostahili."

Kalkulasi: nimesoma saa 3.

Jumatano, 13 Juni. Wazi, 66. Vikomo. Saa 3 na nusu. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 19 Juni. Wazi, 71 saa kumi na mbili asubuhi, mchana itapita 100.

Nilipoingia dukani Bwana Silveira alikuwa dirishani, ameinua karatasi ya daktari kwenye mwanga. Nikadhani anatafuta sahihi ya kughushi, maana hufanya hivyo kwa dawa kali za maumivu. Karatasi ilikuwa ya dawa ya kikohozi ya mtoto.

Aliponiona akaishusha. "Madaktari wa siku hizi wanaandika kama kuku aliyekanyaga wino," akasema.

Karatasi ilikuwa imepigwa chapa.

Ijumaa, 22 Juni. Wazi, 70. Ijumaa hakuna darasa, nimefanya kazi siku nzima.

Leo nimegundua kwamba asubuhi ninapokuwa chuoni Bwana Silveira haitumii mashine ya kusoma mistari ya utambulisho iliyochapwa kwenye chupa. Utaratibu wa duka ni huu: anayejaza hupitisha chupa kubwa kwenye mashine, mashine hulinganisha na lebo, kisha vidonge humwagwa kwenye sinia na kuhesabiwa vitano vitano kwa kisu bapa. Mfamasia hutazama mara ya mwisho ndipo kichupa kifungwe. Katika kumbukumbu za kompyuta, kila dawa aliyojaza peke yake wiki hii ina alama ya kwamba mashine imerukwa. Zote.

Nilimwuliza kwa adabu. Akacheka.

"Binti, mashine ile inapiga kelele hata ukiipitishia pakiti ya jojo. Mimi nasoma rangi. Chukua wafarini. Waridi ni miligramu moja. Zambarau mbili. Kijani mbili na nusu. Pichi ni tano, manjano saba na nusu, nyeupe kumi. Kampuni zote zimekubaliana rangi hizo, unajua kwa nini? Kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande haina mzaha. Ukikosea kidogo mtu anapata kiharusi, ukizidisha anavuja damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana wakatupa rangi. Rangi haidanganyi."

Lurdes wa kwenye kaunta, ambaye ni shemeji yake, akadakia: "Rangi haidanganyi, lakini shati lako la kanisani Jumapili lilikuwa la kijani na ulituambia ni la buluu."

Tukacheka wote watatu. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Alhamisi, 28 Juni. Wazi, 74. Mtihani mdogo: 71 kwa mia. Nimefaulu. Saa 4.

Jumanne, 3 Julai. Wazi, 75, upepo umegeuka unatoka mashariki, mkavu.

Nimemkuta Bwana Silveira amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Lurdes akanivuta kando, kwenye rafu ya shampuu.

"Usimwangalie hivyo."

"Ana mtoto wa jicho, sivyo?"

"Macho yote mawili. Daktari alimwambia Machi afanyiwe upasuaji. Wiki sita hawezi kusimama kaunta. Atamwachia nani? Amepiga simu kila mahali, hakuna mfamasia anayetaka kuja huku kwenye ng'ombe na vumbi. Tukifunga wiki sita wateja watahamia mjini, hawarudi tena. Na wasio na gari je?"

Mjini ni maili thelathini na nane.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe una macho mawili mazima. Mwazime."

Nimekubali. Sikusema ndiyo kwa mdomo, lakini mchana kutwa nilimsomea lebo kwa sauti kana kwamba najisemea mwenyewe, naye akaitikia kana kwamba hanisikilizi. Kazi ilikwenda vizuri. Nimejiambia hakuna ubaya. Asubuhi tu ndiyo sipo.

Jumatatu, 9 Julai. Moshi. Moto umeanza milimani jana mchana. 79 saa kumi na mbili. Milima haionekani.

Kipimo cha uchafu wa hewa 112, na juu ya 100 si salama. Profesa Vang amefunga madirisha, darasa limekuwa tanuri. Saa 4.

Jumatano, 11 Julai. Moshi, 80. Kipimo 158. Jua limechomoza jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Kesho mtihani wa nusu muhula, wa saa tatu nzima. Nimemwambia Bwana Silveira nitachelewa hadi saa saba. "Nenda," akasema. "Mimi sijafa."

Alhamisi, 12 Julai. Moshi mzito, 78. Kipimo 190. Mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi, ndani ya nyumba na nje.

Mtihani: sijui. Swali la ngazi inayoteleza ukutani nimelipata. La mwisho sikulimaliza.

Nimefika dukani saa saba na robo. Foleni ilikuwa hadi mlangoni, kila mtu anataka dawa ya pumu. Bwana Silveira alikuwa anatoka jasho. Alikuwa amejaza vichupa sitini na vitatu peke yake.

Jumanne, 17 Julai. Moshi, 77, kipimo 165.

Mtihani wa nusu muhula: 74. Nimekaa ndani ya gari nikalia kidogo, kisha nikala mkate.

Leo Profesa Vang ametufundisha kitu kinachobaki. Kikombe cha kahawa kinachopoa, deni linalolipwa, dawa mwilini. Kila siku sehemu fulani inaondoka, sehemu inabaki, na juu ya iliyobaki unaongeza nyingine. Akachora mstari unaopanda haraka, kisha unalala.

"Watu huogopa dozi ya leo," akasema. "Dozi ya leo ni ndogo. Hesabuni iliyobaki."

Nimenakili mchoro mara mbili. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini shule ya famasia inalitaka somo hili. Maombi yamefunguliwa. Nimejaza jina, anwani na masomo yote. Kwenye nafasi ya mdhamini nimeandika: Januario Silveira, mfamasia.

Alhamisi, 19 Julai. Moshi. Saa 3.

Jumapili, 22 Julai. Moshi mwepesi, 76, kipimo 120. Sikukuu ya kanisa. Maandamano yamefupishwa kwa sababu ya hewa, ila supu ya nyama na mkate mtamu vimegawiwa kama kila mwaka.

Nimekaa meza moja na Baba Herminio Toste, baba yangu wa ubatizo. Tangu mke wake afariki anakaa peke yake na ng'ombe mia mbili. Alikunja mikono ya shati ili ale supu, nikaona mkono wa kushoto una wekundu uliogeuka zambarau, mpana kama sahani ya kikombe.

"Nini hiki, Baba?"

"Ng'ombe namba 114. Ananipenda."

"Umekwenda hospitali?"

"Nikamweleze nini daktari? Kwamba nimepigwa na mwanamke?" Meza nzima ikaangua kicheko. Akanipiga bega. "Kula, mwanangu. Mfamasia mwembamba haaminiki. Watu watadhani anakula dawa zake."

Baba Herminio anameza wafarini, ya miligramu tano, kila jioni. Watu wa dawa hiyo huchubuka kwa urahisi, hilo najua. Nimelijua, nikaliweka pembeni, nikala.

Jumanne, 24 Julai. Moshi, 81, kipimo 201. Mtihani mdogo: 78. Bwana Silveira ameniuliza mara tatu saa ngapi. Saa ya ukutani iko mbele yake.

Ijumaa, 27 Julai. Moshi, 80. Kipimo 230. Asubuhi taa za barabarani hazikuzima.

Siku ya kuhesabu akiba. Kila mwisho wa mwezi, tangu Juni Bwana Silveira aliponiachia kazi hii, nahesabu chupa kubwa moja moja na kulinganisha na kompyuta. Nilianza saa nane mchana. Saa tisa na nusu nilifika kwenye wafarini.

Ya kumi, nyeupe: pungufu thelathini.

Ya tano, pichi: ziada thelathini.

Nilihesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu kwa sinia jingine. Thelathini, thelathini. Mtu mmoja tu hapa kwetu anatumia ya kumi, na mwezi huu hajaja kuchukua.

Nikafungua kumbukumbu. Tangu hesabu ya Juni vichupa vingi vya ya tano vimejazwa, vyote vimepita kwenye mashine isipokuwa vitatu, vyote vya tarehe 12 Julai asubuhi. Aliyejaza: J.S. Aliyekagua: J.S. Mashine: imerukwa. Majina matatu. La pili ni Herminio Toste.

Nilikwenda kwa Bwana Silveira nyuma, alipokuwa anakula chungwa.

"Bwana Silveira, kuna vidonge vyeupe thelathini vimetoka badala ya pichi. Nadhani ni siku ile ya moshi mkubwa. Kuna watu watatu wa kupigiwa simu."

Hakuniangalia. Alimenya kipande kingine.

"Umehesabu vibaya."

"Nimehesabu mara tatu."

"Mtu aliyeanguka hesabu mara mbili ananifundisha kuhesabu." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo liliniuma. "Utaita wazee watatu uwatie hofu, waache dawa, mmoja apate kiharusi, kwa sababu ya sinia lako? Funga hesabu. Jumatatu nitatazama mwenyewe."

Utatazama kwa macho gani? Sikusema. Nilivua koti nikaondoka saa moja jioni kama kawaida.

Nyumbani nilifungua daftari kwenye ule mchoro. Nikaandika kumi badala ya tano, nikaweka kinachobaki kila siku, nikaongeza. Siku ya pili. Siku ya tano. Siku ya nane. Mstari haukulala pale ulipolala wa tano. Ulilala juu, mara mbili. Nikakumbuka ule mkono na sahani ya kikombe.

Nilipiga simu kwake. Iliita hadi mwisho. Wafugaji hulala mapema, nikajiambia. Nikampigia tena.

Nilipaswa kwenda usiku uleule. Naliandika hapa ili nisije nikasahau kwamba sikwenda.

Jumamosi, 28 Julai. Moshi, 77, kipimo 244. Majivu kwenye kioo cha gari kama unga.

Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ng'ombe walikuwa wanalia. Ukisikia ng'ombe wa maziwa wanalia saa hizo, ujue hawajakamuliwa.

Nilimkuta jikoni, ameketi, kichwa nyuma, kitambaa puani. Kulikuwa na vitambaa vingine kwenye beseni.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya mafua, "afadhali umekuja. Hii pua imekataa kufungwa tangu jana saa mbili usiku. Ni huu moshi."

"Dawa iko wapi?"

"Dawa gani?"

"Ya damu, Baba. Kichupa."

Kilikuwa dirishani, karibu na chumvi. Lebo ilisema tano. Nilimwaga vidonge kwenye kiganja. Vyeupe. Kila kimoja kimechongwa 10.

"Ulianza lini kichupa hiki?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita. Cha zamani kilikuwa hakijaisha."

Vilikuwa vimebaki ishirini na viwili. Amemeza vinane.

"Hukuona ni vyeupe?"

"Nimeona. Nikasema Silveira amebadilisha kampuni. Silveira ananijazia dawa tangu nikiwa na nywele, nimwulize nini?" Kisha akanitazama, macho yakabadilika. "Kwani vipi?"

"Simama, Baba. Twende."

"Ng'ombe..."

"Ng'ombe nitampigia Tony wa jirani. Simama."

Hakuweza kusimama mara moja. Alipoinuka niliona suruali kwa nyuma, na sitaandika nilichoona. Maili thelathini na nane. Moshi ulikuwa mzito hata mistari ya barabara haikuonekana, nikaendesha nikifuata taa za lori la nyanya. Aliongea njia nzima kuhusu ng'ombe namba 114. Alipoacha kuongea ndipo nilipoogopa.

Hospitali walimpima damu. Kipimo cha kuganda kwa damu, kinachopaswa kuwa kati ya mbili na tatu, kilikuwa juu ya tisa. Daktari kijana akaniuliza: "Miligramu ngapi, siku ngapi?" Nikamwambia kumi, siku nane, kabla yake tano kwa miaka sita. Akaandika. "Wewe ni mfamasia?"

"Hapana. Mimi ni msaidizi tu."

Nikiwa palepale kwenye viti niliwapigia wale wawili wengine. Bibi Corvelo alikwenda kutazama akarudi: pichi. Mzee Amaral: pichi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka.

Jioni damu ya puani ilikoma. Ya tumboni, wamesema tusubiri.

Jumapili, 29 Julai. Moshi, 78. Yu hai. Hajanitambua vizuri. Saa 0.

Jumatatu, 30 Julai. Moshi, 79, kipimo 219.

Nilikwenda darasani kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Mtihani wa mwisho ni Alhamisi. Kisha dukani.

Lurdes alikuwa ameshageuza kibao: TUMEFUNGA KWA MUDA. Bwana Silveira alikuwa nyuma, kwenye kiti kilekile. Mbele yake bahasha nyeupe.

"Anaendeleaje Herminio?"

"Ameongezewa damu chupa nne."

Alifumba macho. Nadhani aliomba. Kisha akasema: "Hospitali wameiarifu bodi ya famasia. Keshokutwa anakuja mkaguzi. Nimefikiri sana, binti. Nisikilize mpaka mwisho."

Nikasimama.

"Ukisema ulijaza wewe kwa jina langu kwenye kompyuta, kwa haraka, na mimi sikukagua vizuri, bodi itakupa onyo. Msaidizi hupewa onyo. Mimi nitalipa faini, nitafanya upasuaji wa macho, duka litabaki. Ukisema nilijaza mimi, kwa macho haya, bila mashine, watachukua leseni. Hakuna wa kuinunua sehemu hii. Watu elfu tatu hawatakuwa na dawa."

"Siku ile nilikuwa kwenye mtihani. Chuo kina sahihi yangu."

"Nani atauliza chuo?" Akasukuma bahasha kwa kidole. "Barua yako. Lurdes amenichapia. Nimesema kweli tupu: sijapata kuwa na msaidizi kama wewe."

"Na onyo hilo, shule ya famasia wataliona?"

Lurdes aliyekuwa mlangoni ndiye aliyejibu. "Fina, wewe ni kijana. Utaomba mwaka mwingine. Yeye ana mwaka gani mwingine?"

"Lurdes, ingekuwa mama yangu ndiye aliyepewa nyeupe badala ya pichi, ungeniambia hivyo?"

"Mama yako," Lurdes akasema, "alipofanyiwa upasuaji alipewa dawa hapa miezi mitatu bila kulipa. Hilo umelisahau?"

Sikulisahau. Sikulijua.

Nimeomba siku mbili. Bahasha nimeiacha palepale.

Jumanne, 31 Julai. Moshi, 80. Nimesoma saa 5 bila kuelewa ukurasa mmoja. Mama nimemwuliza. Amesema ni kweli, kisha akasema, "Silveira ni mtu mwema. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba haoni." Akaendelea kukatakata viazi.

Jioni nilikwenda hospitali. Baba Herminio amefumbua macho. "Tony anawakamua vibaya," akasema. "Najua tu." Kisha: "Nasikia unataka kusema ni wewe."

"Nani amekuambia?"

"Lurdes amepiga simu. Analia kwenye simu kama ndama." Akapumzika. "Mimi nitasema utakachosema. Ila nakuuliza, mwanangu. Kesho akimjazia mtoto?"

Jumatano, 1 Agosti. Moshi, 78, kipimo 205.

Mkaguzi ni mwanaume mpole mwenye viatu vya vumbi. Alinipa fomu, akanipeleka kwenye meza ya kusubiria wateja. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Tarehe, saa ya mtihani, idadi ya vidonge, kumbukumbu za mashine. Nimeandika pia kwamba tangu 3 Julai nilijua kuhusu macho yake na nikamsomea lebo badala ya kusema. Na kwamba 27 Julai niligundua jioni nikaenda asubuhi.

Mkaguzi akasema sheria inataka mfamasia asome maelezo na aweke sahihi kwamba ameyaona. Akamwekea Bwana Silveira fomu mbele. Bwana Silveira akaishika. Akaileta karibu na pua. Akaisogeza dirishani, kwenye ule mwanga wa rangi ya chai. Tulisubiri. Lurdes akageuka ukutani.

Kisha akaishusha. "Nisomee," akaniambia.

"Bwana Silveira, mkaguzi anaweza..."

"Wewe ndiye msomaji wangu. Nisomee."

Nimemsomea yote, neno kwa neno, nimesimama karibu naye kama tulivyosimama mwezi mzima nikimsomea lebo. Nilipofika kwenye "kwa macho haya asingeweza kutofautisha" nilimtazama. Akangoja. Nikaendelea. Mwishoni akauliza, "Sahihi wapi?" Nikaweka kidole. Akaandika jina lake pembeni ya kidole changu, nje ya mstari.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hukuongeza kitu."

Mkaguzi alichukua leseni ukutani, fremu na vyote. Ukuta chini yake ulikuwa mweupe. Bahasha ilikuwa bado kwenye meza ya nyuma. Barua ya mtu asiye na leseni haina uzito shuleni, na hata ingekuwa nao nisingeichukua.

Alhamisi, 2 Agosti. Moshi umepungua asubuhi, 72, kipimo 98. Milima imeonekana kidogo, nusu ya juu imeungua.

Mtihani wa mwisho, saa mbili hadi saa tano. Maswali kumi. Nane nimeyajibu nikiwa na uhakika, moja nusu, moja sikuligusa. Nikihesabu vizuri ni C, nikihesabu kwa hofu ni D. Matokeo Jumanne. Nilipokabidhi karatasi Profesa Vang alisema, "Kiti chako mwakani nitampa mwingine." Nikamwambia namwombea Mungu iwe hivyo. Jina la mdhamini kwenye maombi nimelifuta, nafasi ni tupu.

Nilirudi saa saba nikakuta watu barazani kwetu. Tisa, wengine kwenye magari. Kila mmoja ameshika kichupa chake, wengine mfuko mzima. Mama alikuwa amewapa maji.

"Fina, hii rangi ndiyo yenyewe?"

"Fina, tazama tu mara moja, mwanangu."

Niliwaambia siruhusiwi. Niliwapa namba ya duka la mjini, ambako bodi imeagiza wafamasia wawili wawapigie watu wote. Wakasema simu haishikwi. Ni kweli, nimejaribu mwenyewe mara nne. Basi nikaleta lenzi ya mama ya kushonea, nikakaa kwenye ngazi, nikasema: sikagui dawa ya mtu, ila namba iliyochongwa kwenye kidonge yeyote anaweza kuisoma. Someni wenyewe, mlinganishe na lebo. Asiyeona nitamsomea.

Hadi saa tisa na nusu walikuwa wamepita kumi na tisa. Vichupa arobaini na kitu. Sawa, sawa, sawa. Nilianza kupumua.

Wa ishirini alikuwa Bibi Idalina wa nyuma ya kanisa. Wafarini ya mbili, dawa ya miezi mitatu, imebaki kidogo. Alisema haoni haja, amekuja kwa sababu wengine wamekuja, ila siku hizi meno yanatoa damu akipiga mswaki, ni huu moshi. Lebo: mbili. Nilimwaga kwenye kiganja chake. Vya buluu. Alisogeza lenzi, akasoma kwa sauti, kwa furaha ya kuweza kusoma: "Nne."

Nikamwomba asimeze tena. Nikamwomba akae. Mama akawasha gari kumpeleka hospitali. Nikageuza kichupa nitazame tarehe, nikitegemea Julai, mwanga mbaya, foleni, siku ambayo sikuwepo.

Tarehe 9 Mei. J.S. Mwezi Mei anga lilikuwa safi na milima yote ilionekana.

Nimempigia mkaguzi, nimemwambia si asubuhi moja. Ameniuliza tangu lini. Nimemwambia daktari wa macho alisema Machi. Ameniuliza na kabla ya Machi? Sijui. Nikihesabu wafarini tu, wanaoitumia hapa kwetu ni sitini na mmoja, na wote wana dawa nyingine. Wamekuja ishirini. Nimebandika namba ya simu mlangoni kwa herufi kubwa, na chini yake nimeandika: SOMENI NAMBA, MSIANGALIE RANGI. Mama hajarudi na Bibi Idalina. Nimejilaza nikiwa na viatu, simu kifuani. Sasa ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, usingizi unaninyemelea, na nje mtu mwingine anapiga hodi.